Namba Tisa Haiitwi

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa kompyuta amesema niwe naandika. "Kaka, kila asubuhi andika mashine imewakaje. Tarehe na hali, basi. Usinitungie riwaya."

Haya. Tarehe hiyo hapo juu. Hali ni kwamba niliiwasha, skrini ikawa nyeusi, yakaja maandishi meupe kusema inakagua diski, na ikakagua kwa raha zake mpaka benchi la kwanza likaanza kunung'unika. Wiki nzima iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Ilianza na mvua.

Kwa kuwa daftari ni langu na kalamu ni yangu, naongeza. Hii ni kliniki ya macho. Wengi wanaokuja hapa hawauoni ubao wa namba, ndiyo maana mashine yetu huita kwa sauti: namba thelathini na mbili, dirisha la pili. Sauti hiyo ni ya dada yangu. Aliirekodi mwenyewe miaka ya nyuma, neno moja moja, akiwa kwenye kiti hiki ninachokalia, na mashine ndiyo inayoyaunga. Mwezi uliopita alilazwa Jumatano, Jumapili tukamzika. Jumanne yake Daktari, mwenye kliniki, akanitoa chumba cha mafaili nilikokuwa nimejichimbia miaka yote, akaniweka hapa mapokezi. Nilipowasha mashine kwa mara ya kwanza Dada aliita namba moja, nami nikasimama.

Jumanne, 11 Machi

Imekagua.

Jumatano, 12 Machi

Imekagua. Nilimpigia fundi simu. Akauliza kama naizima vizuri. Nikamwambia naizima kama mtu mwenye akili zake: jioni nabonyeza pa kuzimia, inaandika kwamba inazima, nashusha bati la dirisha, naondoka.

"Na umeme?"

Nikamweleza. Msimu wa mvua mlinzi wetu, mzee wa watu, hukata swichi kubwa iliyoko ukuta wa nyuma kila jioni, kwa sababu radi iliwahi kuikaanga mashine iliyokuwepo kabla ya hii. Amri hiyo ilitoka kwa Dada. Ila anakata nikiwa nimeshazima, nikasema.

"Sawa, kaka," akasema fundi, kwa ile sauti ya muuguzi akimsikiliza mgonjwa anayeapa kwamba dawa zote amemeza.

Alhamisi, 13 Machi

Imekagua. Na Mama amekuja tena.

Sijaandika habari za Mama kwa sababu fundi hazimhusu. Tangu msiba anakuja hapa karibu kila siku. Anachukua karatasi ya namba kama mgonjwa yeyote, anakaa benchi la nyuma karibu na nguzo, anafumba macho. Namba yake ikiitwa hainuki. Ikishapita anachukua nyingine. Leo mama mmoja mwenye bandeji alimgusa bega, "Bibi, si wewe hiyo?" Mama akamjibu, "Acha iite tu."

Mchana nilimpelekea chai. Nikamwambia Daktari amemwona akishika ukuta anapotembea na anataka kumpima, huenda ni presha ya macho.

"Nikipimwa nitaambiwa nimemaliza, niende nyumbani," alisema. "Nyumbani nani ataniita?"

Chai yenyewe hakuinywa.

Ijumaa, 14 Machi

Imekagua. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Leo si siku ya mstari mmoja.

Nilifika mapema kabla ya wagonjwa. Chumba bado kilikuwa na kiza cha mvua, mtandio wa Dada uko palepale mgongoni mwa kiti. Huwa siuegemei. Niliwasha, ikaanza kukagua. Nikakaa kuitazama asilimia ikipanda. Kuna kitu kinachokera katika ule ukaguzi. Mashine inaingia ndani ya tumbo lake kila siku, inapekua kila kona, kisha kesho inapekua tena kama vile jana haikupekua. Nikajiuliza inatafuta nini. Halafu nikajiuliza nani anatafuta, nikaenda kufungua milango yote kabla ya saa.

Foleni ilianza vizuri. Moja, mbili, mpaka nane. Kisha spika ikasema, "Namba," ikanyamaza, halafu ikasema, "dirisha la pili."

Kimya chenyewe kilikuwa na urefu wa neno. Ndani yake nilisikia mvua juu ya bati. Wagonjwa wakageuza shingo huku na huku. Kulikuwa na mzee mmoja ameishika karatasi yake kwa mikono miwili, hajui kama ndiye. Nikatoa kichwa dirishani nikaita tisa kwa mdomo wangu, na ukumbi mzima ukanigeukia kama nimemkatiza mtu aliyekuwa anaongea.

Kumi na tisa ikawa hivyo hivyo. "Namba kumi na," kimya, "dirisha la kwanza." Ishirini na tisa pia. Mama alikuwa kwenye benchi lake. Ilipofika thelathini na tisa alifumbua macho.

Jioni njiani aliniuliza, "Tisa kalipeleka wapi?"

Nikasema ni waya umelegea. Hakuna waya wowote uliolegea.

Jumanne, 18 Machi

Imekagua. Tisa hakuna. Fundi kwa simu: "Faili la hilo neno limeharibika. Nakili hayo mengine kwenye flashi leo hii, nakuja nikipata nafasi." Nimesema sawa.

Jumatano, 19 Machi

Imekagua. Sikunakili.

Alhamisi, 20 Machi

Imekagua. Nimekwenda uani kwa mlinzi kukwepa kelele za watu. Yeye na Dada walikuwa wakielewana sana. Mimi huniona kama mtoto wa kurithi kiti. Wagonjwa wameshanibatiza Dirisha, naye hunitania kwa jina hilo hilo.

Nikamuuliza kwa mzaha, "Mzee, huku nyuma humhisi Dada?"

Hakucheka. "Kumhisi? Mimi namsikia."

"Unamsikia wapi?"

"Hapa hapa. Nikisimama kwenye swichi jioni, anagonga. Zamani aligonga kwa ustaarabu. Siku hizi ni mara moja tu, kwa kishindo, kama mtu mwenye hasira."

"Na wewe unafanyaje?"

"Namjibu. Ulitaka nifanyeje?"

Alitaka kuendelea, lakini sikutaka kusikia zaidi. Nikasema kuna mgonjwa ananingoja, nikarudi ndani. Hakukuwa na mgonjwa.

Ijumaa, 21 Machi

Imekagua. Nilipoondoka jioni nilishusha bati haraka nikatoka bila kutazama nyuma. Mwanamume mzima.

Jumanne, 25 Machi

Imekagua mpaka Daktari mwenyewe akaja kusimama nyuma yangu. Ni mtu mpole, hilo siwezi kumnyima. Akanyoosha mkono akaugusa mtandio kidogo, akauacha.

"Sikiliza, kijana. Mimi pia nampenda dada yako. Lakini jana mgonjwa ameondoka bila dawa kwa sababu hakuitwa. Mtu asiyeona tukimnyima na sauti tumembakishia nini?"

Nikaendelea kuitazama asilimia ikipanda.

"Mpaka mwisho wa Aprili. Ikiwa bado ni hivi, naleta mashine mpya, na inakuja na sauti yake yenyewe."

Nikamuuliza ni sauti ya nani. Akasema ya mtu yeyote, hajui.

Sikumwambia Mama.

Alhamisi, 27 Machi

HAIKUKAGUA. Iliwaka moja kwa moja, kama zamani. Nilikaa nikiitazama kwa mashaka, kama mtu anavyomtazama mtoto mtukutu aliyeamka na adabu. Tisa bado hakuna, lakini imewaka.

Siku yenyewe ilikuwa ovyo kwa mengine yote. Mlinzi amelala kwake na homa tangu jana mchana, geti limefunguliwa na mfagizi. Mama naye hakuja jana, kifua kinambana.

Ijumaa, 28 Machi

Haikukagua. Mama bado yuko kitandani. Mlinzi pia.

Nimeanza kuwaza jambo baya.

Jumatatu, 31 Machi

Haikukagua. Mchana Mama amekuja, na mlinzi amerudi kazini amekonda. Nitaona kesho.

Jumanne, 1 Aprili

Imekagua.

Basi nikafanya nilichofanya. Nilimfuata Mama kwenye benchi, mbele za watu, nikamwambia kila siku anapokuja mashine inakagua, na siku alizokaa nyumbani haikukagua. Nikamwambia huenda ni yeye anayemvuta. Nikamwambia, na hili naliandika kama nilivyolisema, "Mama, unamsumbua. Mwache apumzike."

Alinitazama kwa yale macho yake yaliyoanza kuingia ukungu. "Mimi ndiye ninayemsumbua?"

"Kaa nyumbani siku chache tu."

Akaikunja ile karatasi ya namba mara mbili, akaitia mkobani, akainuka. Alishika ukuta mpaka mlangoni. Sikumsindikiza kwa sababu namba ilikuwa inaitwa.

Jumatano, 2 Aprili

Imekagua. Tangu aondoke jana Mama hajarudi, na imekagua. Neno arobaini nalo limepotea.

Alhamisi, 3 Aprili

Imekagua.

Nyumbani Mama anapika, anafua, ananiamkia asubuhi kama mpangaji. Kiti anachokalia sasa ni kile kinachotazama ukuta.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimegundua kitu. Kabla haijaanza kukagua, inaandika kwamba ukibonyeza kitufe chochote itaacha. Nimebonyeza. Ikaacha. Nimewaza hivi: tisa ilipotea baada ya kukagua, arobaini ilipotea baada ya kukagua. Kukagua ndiko kunakoila sauti. Nisiporuhusu ikague, haitaila.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimebonyeza.

Jumanne, 8 Aprili

Nimebonyeza. Hakuna kilichopotea. Nilitaka kumwambia Mama, nikakosa pa kuanzia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimebonyeza, kama kawaida. Ikawaka. Nikaita namba ya kwanza.

Spika ikatoa mkwaruzo, kisha Dada akasema, "na." Basi. Nikabonyeza tena. "Na." Namba ya pili ikatoa kikohozi cha chuma na "la pili." Ya tatu haikutoa kitu chochote. Nilibonyeza na kubonyeza, na kila nilipobonyeza alikuwa anakuja kipande, nusu ya neno, pumzi kabla ya neno, kama mtu anayeongea huku anavutwa na kuingizwa ndani ya chumba kingine. Mtoto mmoja alianza kulia. Mlinzi alikuja mpaka mlangoni, akasimama na kofia mkononi.

Nikachomoa spika.

Siku nzima nimeita kwa mdomo. Sauti imenikauka. Kuna bibi mmoja aliyefika kabla ya wote. Namba yake niliiita wakati amekwenda uani, na hakuna aliyemwambia. Tulipofunga alikuwa bado ameketi, uso ameuelekeza kwenye spika iliyochomolewa. Akaniuliza, "Yule binti leo hayupo?"

Nikasema hayupo.

Nimempigia fundi. Nimemwambia aje hata kama anazaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Jumamosi tunafunga mchana. Fundi alikuja wagonjwa wakiwa wameshaondoka, amevaa yale mabuti yake makubwa, kompyuta yake ameifunga mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Ni mwanamke wa makamo, hana haraka, na akikukemea hukemea huku anafungua skrubu.

"Ulinakili?"

"Hapana."

"Nilikuambia lini?"

Nikamwambia ukweli. Baada ya matanga shangazi alikuja ili nguo za Dada zigawiwe, na Mama akalikalia sanduku, akakataa kunyanyuka. Nilimcheka moyoni. Halafu nilipoishika flashi ili ninakili sauti, nikajikuta siwezi. Niliona kama na mimi nafunga mizigo yake.

Fundi akaacha skrubu kidogo. "Pole, kaka," akasema. Halafu akalivuta daftari hili, akalifunua. "Na hizi siku ambazo haikukagua mfululizo, hapa unaandika nimebonyeza, nimebonyeza. Ulikuwa unaikatiza?"

"Nilidhani ukaguzi ndio unaoiharibu."

"Mashine inakuambia naumwa, wewe unaiziba mdomo."

Akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaiacha ikaguliwe mpaka mwisho. Alieleza wakati tunasubiri. Diski ni ya zamani na imechoka, lakini kilichoimaliza ni kuzimika ghafla. Kila inapozimika kabla haijajifunga sawasawa hujiwekea alama, na kesho yake inapowaka inajua kuna jambo, ndipo inapojikagua. Vipande inavyovikuta ndani havina mwenyewe inavikusanya kwenye folda moja na kuvipa namba badala ya majina. "Kwa hiyo si kwamba inakula," alisema. "Inaokota."

Akaifungua hiyo folda. Ilijaa. Akaanza kuvibadilisha kimoja kimoja viwe sauti, na kuvipiga kwenye spika yake ndogo. Cha kwanza kilikuwa mkwaruzo. Cha pili kilikuwa "arobaini," nzima, safi. Nilikaa chini. Kikaja "namba." Kikaja "dirisha." Kikaja Dada akikohoa, akicheka kidogo, akisema, "Hapana, hiyo mbaya," na kulirudia neno. Sikujua kwamba alicheka wakati anarekodi. Mlinzi aliisikia kutoka uani, akaingia, akasimama kwenye kizingiti.

Kisha fundi akafungua kipande kirefu kuliko vingine. Mwanzo ilikuwa mvua, mvua kubwa juu ya bati. "Themanini," alisema Dada. Halafu mbali, kutoka nje, sauti ya mwanamume: "Tayari?"

Mlinzi alishika fremu ya mlango. Ilikuwa sauti yake.

"Bado, mzee," Dada akamjibu kwenye spika. "Bado narekodi. Usiguse swichi mpaka nigonge. Na hata nikimaliza usinikimbize, hii mashine mvivu hailali haraka. Taa yake ikishazimika ndiyo nagonga. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Tisini," alisema Dada. Kikaishia hapo.

Fundi ndiye aliyenigeukia, taratibu. "Kaka. Jioni ukishabonyeza pa kuzimia, huwa unasubiri taa izimike?"

"Nisubiri nini? Inaandika inazima."

"Halafu unafanya nini?"

"Nashusha bati."

Lile bati la dirisha ni zito, na mimi si mtu wa kulishusha kwa upole. Likifika chini linalia kliniki nzima. Nilikuwa nalitazama wakati nasema, na mlinzi naye alikuwa analitazama, na nadhani alielewa kabla yangu.

"Mara moja," alisema. "Kwa kishindo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Dada alikuwa akisubiri mashine ilale kabisa, kisha anagonga nondo za dirisha la nyuma kwa ufunguo, na mzee anakata umeme. Mimi nilikuwa chumba cha mafaili, nikiondoka mapema, sikuwahi kujua. Alipokufa, mzee aliendelea kusimama kwenye swichi kila jioni ya mvua akisubiri agongewe, kwa sababu hakuna aliyemwambia asisubiri. Nami nikawa nagonga bila kujua, mashine ikiwa ndiyo kwanza inaanza kujifunga. Alipougua homa hakuna aliyekata, na mashine ikaamka salama. Mama hakuhusika. Mama yangu sikumkosea kidogo.

"Basi haikuwa yeye," alisema mlinzi. Akaenda kukaa kwenye benchi la Mama karibu na nguzo, kofia magotini. Fundi akajifanya anatafuta skrubu. Nilitamani nimwambie mzee kitu, nikaona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwondolea yule Dada aliyekuwa akimsikia.

Jumatatu, 14 Aprili

Diski mpya imewekwa, sauti zote zimerudishwa isipokuwa tisa. Fundi ametafuta mpaka amekata tamaa. Kilichopatikana ni mkia tu, "sa," na mvua.

Jioni nilibonyeza pa kuzimia nikakaa. Ni kweli ni mvivu. Inaandika inazima, inanguruma, inawaza, inanguruma tena. Nilikaa kwenye kiti cha Dada, na kwa mara ya kwanza nikaegemea, mtandio mgongoni. Giza lilikuwa linaingia na mvua ilikuwa nzito. Nikafikiria jioni zote alizokaa hivi peke yake akisubiri taa ndogo izimike, wakati mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani nimevua viatu, nauliza mbona Dada anachelewa.

Taa ikazimika. Nikashusha bati kwa mikono miwili, polepole, bila sauti. Nilikuwa nimemuuliza mzee asubuhi Dada aligonga mara ngapi. Nikachukua ufunguo, nikaenda dirisha la nyuma, nikagonga nondo mara tatu.

Nikangoja. Nikadhani hakusikia. Nikadhani labda hataki.

Kisha kutoka uani, katikati ya mvua: "Haya, mwanangu. Nenda salama."

Umeme ukakatika. Kumbe hilo ndilo jibu alilokuwa analitoa kila jioni, msimu mzima, kwa lile bati. Nililia pale gizani. Makaburini sikulia.

Jumanne, 15 Aprili

Haikukagua.

Daktari amesikiliza foleni mlangoni mwake. "Nzuri," alisema, "lakini tisa bado ni shimo. Tafuta mtu arekodi, au naagiza ile nyingine."

Jumatano, 16 Aprili

Haikukagua.

Nimekwenda kukaa na Mama jikoni. Nilimweleza yote, bati, swichi, mzee na majibu yake. Nikamwomba radhi. Aliendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Uliniambia nikae nyumbani, nimekaa," alisema.

"Nilikosea, Mama. Naomba uje."

"Nije kufanya nini? Si umeshaipata dawa?"

"Limebaki neno moja. Nataka uliseme wewe."

Akazima bomba. "Mimi? Na sauti hii ya kikohozi?"

"Neno moja tu."

"Lipi?"

"Tisa."

Alijifuta mikono muda mrefu. Kisha akauliza, "Yeye alikuwa analisemaje?"

Jumamosi, 19 Aprili

Tumerekodi baada ya kufunga. Mama amevaa kama anakwenda harusini. Mara ya kwanza alisema "Tisa?" kama mtu anayeulizia bei. Mara ya pili alilitamka kwa ukali, ule wa kumwita mtoto aliyekuwa anacheza mbali. Fundi akamwambia, "Mama, usimgombeze, mwite tu." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akavuta pumzi, akalisema.

Fundi alitutazama sote wawili, akasema hiyo inatosha.

Jumatatu, 21 Aprili

Haikukagua. Mama hakuja. Amesema atakuja siku yake.

Jumanne, 22 Aprili

Haikukagua. Mvua zimepungua, asubuhi kulikuwa na manyunyu tu.

Mama alikuja katikati ya asubuhi, mlinzi amemshika mkono kutoka getini. Alichukua karatasi akaenda kukaa benchi lake la nyuma. Nilimwona akiisogeza karatasi karibu na jicho, akiigeuza, akashindwa kuisoma, akamuuliza mtu wa pembeni. Sikujua ni ngapi. Niliendelea na kazi.

Kumi na saba. Kumi na nane. Nikabonyeza.

"Namba kumi na," alisema Dada.

"Tisa," alisema Mama, kutoka kwenye spika.

"Dirisha la pili," alisema Dada.

Ukumbi haukugeuza shingo. Kwao ilikuwa namba tu. Kule nyuma karibu na nguzo Mama alikuwa amesimama. Alisimama kwanza bila kwenda popote, mkono juu ya mgongo wa benchi, uso ameuinua. Halafu akaja. Watu wakamsogezea miguu apite. Akafika kwenye dirisha langu, akapapasa ukingo wake, akaniwekea karatasi.

Nikauliza kile ninachomuuliza kila mtu. "Tatizo ni nini, Mama?"

"Macho, mwanangu," alisema. "Sioni vizuri tangu mvua zianze."

Nikaandika kwenye kadi, nikampeleka mwenyewe kwa Daktari.